Saa Kumi za Nyumbani Kwao

Tuija Lehtonen alikanyaga boksi la mtu kwenye foleni ya tiketi, uwanja wa ndege wa Thunder Bay, Kanada, na maandazi sita yenye sukari ya waridi yakageuka chapati.

"Dada, hayo yalikuwa ya mama yangu."

"Na hivi vilikuwa viatu vyangu vipya," alijibu, akiinua buti jekundu lililojaa sukari. "Tumetoka sare."

Mwenye boksi, Elroy Kejick, mjaza mafuta ya ndege wa mji wa Sioux Lookout, alikuwa ametoka kung'olewa jino. Shavu limevimba, lakini alicheka. Tuija, fundi mapazia, alikuwa akienda hukohuko kupima madirisha ya hoteli. Akamnunulia maandazi mengine. Ndani ya ndege wakaketi kiti kwa kiti.

Ndege huchukua saa moja, na saa za Sioux Lookout ziko nyuma kwa saa moja. Ukiondoka Thunder Bay saa nne, unatua saa nne ileile.

"Mimi kuja kwako hata dakika haipotei," Tuija alimtania kwenye simu miezi ya baridi iliyofuata, wakiwa tayari wapenzi. "Wewe kuja kwangu, saa mbili nzima zinaliwa!"

"Ndiyo ujue nani anapenda zaidi, kipenzi."

Majira ya kuchipua, mzee Onni, babake Tuija, akatamka: "Mlete Jumamosi. Bafu la mvuke, saa kumi." Moto wa bafu wa Jumamosi ulikuwa wa familia tu. Tuija akatarizi jina kwenye taulo: Elroy.

Saa kumi ikapita. Kuni zikageuka majivu. Saa kumi na moja kamili Elroy akabisha hodi, shati jeupe limenyooshwa, mkononi samaki wa kukaushwa.

"Tumeshaoga," mzee akasema, akafunga mlango.

Tuija alikuwa nyuma yake, taulo kifuani. Hakusema neno.

Wiki tatu simu zao zilinyamaza. Ya nne, Tuija akapiga.

"Elroy, kwa nini ulimdharau baba yangu?"

"Mimi? Nyinyi ndio mlionifungia mlango! Nikasema basi, mtu wa huku hatakiwi. Na wewe ukanyamaza."

"Ulichelewa saa nzima!"

"Nimechelewa wapi? Nilikaa mgahawani nisije mapema. Simu ilizimika, nikafuata saa ya mkononi ya marehemu mjomba. Saa kumi kamili."

Tuija akahesabu kwa vidole.

"Elroy… uliirekebisha ulipotua?"

Akasikia kofi, kiganja kwenye paji la uso.

"Mtu anayefanya kazi uwanja wa ndege!" Tuija akacheka hadi machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. "Nisamehe. Nilipaswa kuufungua ule mlango."

Jumamosi akapanda ndege ya saa nne, akatua saa nne. Elroy alisimama nje ya uzio, ovaroli inanuka mafuta. Tuija akamtupia taulo shingoni.

"Baba nimemweleza yote. Anasema moto anawasha leo tena. Saa kumi. Za kwetu."

Elroy akakunja mikono ya ovaroli. Alikuwa amevaa saa mbili: ya mjomba kulia, kushoto mpya.

"Hii ya kushoto ni ya nyumbani kwenu," akasema. "Nimeivaa tangu uliponipigia. Nikimwomba mzee mle bafuni nikuoe, atakubali?"

"Mle ndani kuna joto kali, mpenzi. Omba haraka."