Kaka Yangu Aliniibia Kipulizio Siku ya Kumzika Baba

Jeneza la baba lilikuwa linatoka mlangoni mwa kanisa. Nikafungua kasha la tarumbeta yangu...

Kipulizio hakipo!

Kwa wasiojua muziki, kipulizio ni kile kikombe kidogo cha fedha unachobandika midomoni. Bila hicho, tarumbeta ni bomba la bafuni tu.

Nikapekua kasha. Nikamwaga vyote chini, mbele ya waombolezaji. Hakuna!

Nikainua kichwa. Kaka yangu Ferdinand alikuwa ameshasimama mbele ya bendi. Pale pale anaposimama tarumbeta wa kwanza. Pangu!

"Ferdie, kipulizio changu kiko wapi?"

"Mimi mlinzi wako?"

"Nakuuliza kistaarabu!"

"Pole, dada. Kaa nyuma upige makofi."

Jamani! Nikamzaba kofi mpaka kofia ya kiongozi aliyojivika ikaruka!

Naitwa Odile Narcisse. Sisi ni wa mtaa wa Tremé, hapa New Orleans, na ukoo wetu umepiga jazi mitaani tangu enzi za babu wa babu. Mama yangu, Leontine, anapiga ngoma ndogo ya nyaya. Mimi na Ferdie, tarumbeta. Baba, Alcide, ndiye alikuwa kiongozi. Na kwetu kuna sheria moja: anayepuliza tarumbeta ya kwanza kwenye maziko ya kiongozi, bendi ni yake.

Kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa kinaibiwa pale.

Baba alinifundisha mimi. Ferdie alikimbilia kupiga kwenye meli za watalii miaka sita. Baba alipolazwa, nani alimpulizia nyimbo dirishani hadi manesi wakalia? Mimi! Halafu anakuja na viatu vipya, "mimi ndiye mwanaume." Mwanaume wa nani?

Najua mtasema, si ungeazima? Kupuliza kipulizio cha mtu ni kama kuvaa meno yake ya bandia. Na muda haukuwepo. Ferdie alikuwa ameshaanza wimbo wa huzuni, watu wameshaanza kutembea.

Nikatembea nyuma ya baba yangu mikono mitupu. Nililia kwa hasira, si kwa msiba. Hilo ndilo sitamsamehe... aliniibia hata machozi ya baba.

Tukafika njia panda, pale bendi inapojigawa pande mbili na gari la maiti linapita katikati. Tunaita kuachia mwili. Hapo huzuni inaisha, muziki wa furaha unaanza, na watu wa nyuma wanafungua miavuli.

Ila yote hayo yanamsubiri mtu mmoja. Wakati wa huzuni, mpiga ngoma huchomeka kitambaa chini ya nyaya ili ngoma isilie kwa sauti. Akikichomoa tu, dereva anaondoka na mtaa unalipuka.

Ferdie akapuliza ishara.

Mama hakuchomoa.

Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi.

Mama akaendelea... dum... dum... dum... taratibu, macho mbele.

"Mama! Toa kitambaa!"

"Sitoi."

"Watu wanasubiri!"

"Wasubiri. Mume wangu haondoki hapa na wizi juu ya mwili wake."

Dereva akazima gari.

"Ferdinand, kipulizio kiko wapi?"

"Sijui, mama."

"Umelamba mdomo. Tangu ulipokula keki ya ubatizo wa dada yako, ukidanganya unalamba mdomo!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mwavuli wa zambarau akapaza sauti, "Sema, mwanangu, tunaungua jua!"

Ferdie akatazama chini.

"Nimekiweka... mfukoni mwa baba."

Nini?!

Ndiyo maana alikuwa wa mwisho kumuaga! Aliinama juu ya jeneza muda mrefu, nami mjinga nikadhani ni uchungu. Kumbe anamfanya baba yetu kabati la kufichia vya wizi!

"Nikuue saa hizi au tukishazika?" nikamuuliza.

"Fungueni," mama akasema.

Wabebaji wakateremsha jeneza, wakainua kifuniko. Mama akampangusa baba shavu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

Akatoa kipulizio.

Akaingiza tena... akatoa cha pili!

Ferdie akatoa macho. "Mimi nimeweka kimoja tu!"

"Najua," mama akasema. "Hiki kingine nilikiweka mimi asubuhi nikimvalisha. Hiki ndicho cha Odile."

Sikuelewa. "Sasa Ferdie aliiba kipi?"

Mama akanionyesha cha kwanza. Pembeni kimebonyea, pale kilipoangukia ngazi nikiwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekiangusha.

Kipulizio cha baba!

"Baba yako alinituma," mama akasema. "'Leontine, nikifa tubadilishie vipulizio. Changu kiwe kwa Odile, chake niende nacho.' Nikakiweka hiki kwenye kasha lako. Nilitaka ukikute mwenyewe."

Akamgeukia Ferdie. "Viwili vinafanana, hukuangalia. Hukumwibia dada yako, mwanangu. Ulimwibia marehemu zawadi yake, ukamrudishia mfukoni!"

Mama akarudisha changu mfukoni mwa baba. Kifuniko kikafungwa.

Nikabandika kile kilichobonyea. Noti ya kwanza ikatoka mbovu, na mtaa mzima ukaisikia.

"Tena!" mama akafoka.

Nikapuliza tena. Mama akachomoa kitambaa. Ngoma ikalia kama mvua ya mawe kwenye bati, na baba akaondoka.

Ferdie akahamia nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Kofia ya kiongozi alinikabidhi mbele ya watu wote.

Mtaniambia nisamehe. Bado! Jumatatu alikuja kula maharage mekundu kwa mama. Nikampakulia, sikumwangalia usoni.

Ila nimejifunza moja, nanyi chukueni. Cha kwako kinaweza kuibwa na ukalia njia nzima. Lakini kama Ferdie asingeiba, baba angenipa kimyakimya ndani ya kasha, na hadi leo watu wangebisha bendi ni ya nani. Mwizi wangu ndiye aliyeniletea mashahidi mtaa mzima.