Upande wa Pili wa Msandarusi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi moja ya Septemba 1999, lori lilisimama mbele ya shule huko Magomeni, Mtwara, na Odete akawa wa kwanza kupanda. Alikuwa darasa la sita, na hakujua kutulia.

"Hebu kaa, binti," Mwalimu Sharifa alimwambia walipopita Nanyamba. "Miti haihami."

Walikwenda kuona miti mikongwe katika msitu wa mbali, karibu na bonde la Ruvuma. Kila wanafunzi wawili wangepima mti mmoja, na watakaomaliza mapema wangerudi wamekaa mbele na dereva. Wengine nyuma, kwenye vumbi.

Odete na Idrisa walipewa msandarusi mnene, utomvu wake umekauka kwenye gome kama vipande vya kioo. Walitakiwa kuuzungushia kamba na kuukagua pande zote kama una jeraha. Odete alivuta kamba mbio mbio, kisha akasimama ghafla. Upande wa pili upupu ulikuwa umetambaa, maganda makavu yakining'inia usawa wa uso wake.

"Huko siendi."

"Mwaka jana ulijikuna mpaka ukalia!" Idrisa akacheka.

"Nyamaza wewe! Tunapima nusu, tunazidisha kwa mbili. Mti si duara?"

"Na majeraha je?"

"Huku mbele mzima. Nyuma utakuwa na nini?"

Mwalimu Sharifa alipowauliza kama wameuzunguka wote, Odete alijibu upesi, "Ndiyo, Mwalimu." Idrisa akatazama viatu vyake.

Walikuwa wa kwanza. Lakini wenzao walipokaa kula mihogo, Odete alikaa, akasimama, akakaa tena. Harufu ya moshi ilikuwa ikija na upepo.

"Nani amewasha moto?" Mwalimu aliuliza. Alitazama upande wa msandarusi, akafikiri. "Odete na Idrisa wameukagua ule, hawakuona kitu. Basi ni watu wanachoma mashamba. Haya, pandeni."

Dereva akawasha injini. Odete, akiwa kwenye kile kiti alichokitamani tangu asubuhi, alifungua mlango akaruka chini.

"Mwalimu, tusiondoke! Nimesema uongo. Upande wa pili sikufika. Niliogopa upupu."

Mwalimu alichukua dumu la maji ya kunywa akakimbia, na wote wakamfuata.

Nyuma ya mti, shinani, kulikuwa na tundu kubwa. Warina asali walikuwa wamechoma majani humo kuwafukuza nyuki, wakaondoka bila kuzima. Makaa yalikuwa yakila mti kwa ndani, na juu yake kidogo ndipo ulipoanza utomvu, ambao hushika moto upesi. Odete alipita katikati ya upupu, akachota mchanga kwa mikono na kuutupa ndani. Mwalimu akamwaga maji. Dumu la pili likaletwa, kisha la tatu, mpaka moshi ukakatika.

"Kuogopa upupu si kosa," Mwalimu Sharifa alisema, bado anahema. "Ungeniambia hukufika, ningekwenda mwenyewe. Wewe uliniambia umeona, na kwa neno lako nilikuwa nauacha mti huu uungue. Anayetumwa kuangalia husema alichokiona. Asichokiona, husema vilevile kwamba hakukiona."

"Nimekosa, Mwalimu."

"Na mimi pia," Idrisa akasema. "Nilijua, nikanyamaza."

Wakaupima upya. Upande wa tundu ulikuwa umebonyea, na kipimo cha kwanza hakikuwa sahihi.

Odete alikuwa akijikuna mikono yote miwili. "Leo tena atalia," Idrisa alinong'ona, lakini safari hii hakucheka.

Mwalimu alitia mkono ndani ya tundu, akapapasa hadi mwisho, akatoa majivu yaliyolowa. Yalikuwa ya baridi. Akampaka Odete mikononi kutuliza mwasho, na Odete na Idrisa wakapanda nyuma ya lori, kwenye vumbi.