Maelezo ya Eilert

Mlangoni pa ofisi yao ndogo mjini Tromsø palikuwa na jozi tatu za viatu, na watu ndani walikuwa wawili. Sunniva, aliyekuwa amevua vyake sasa hivi, aliitazama ile jozi ya tatu. Zilikuwa buti za kutelezea thelujini, zimelowa chapachapa.

"Torgrim, tuna mgeni?"

"Mgeni gani? Kunywa kahawa kwanza uamke, dada."

Ilikuwa saa sita mchana na nje giza totoro. Huko kaskazini ya mbali jua lilizama Novemba, halijarudi.

Siku hiyo Sunniva alikuwa na kazi moja. Programu yao huria, ambayo yeyote anaweza kuibadilisha, ile inayopiga king'ora poromoko la theluji likinyemelea, ilikuwa imelaumiwa hadharani. Mtu asiyejulikana aliandika kwamba wanaoibadilisha huambatanisha kila badiliko na maelezo matupu, "usafi", "kidogo tu", wala hawasemi kwa nini. Sunniva alitakiwa achunguze kama ni kweli, kisha ajibu.

"Andika ni uongo, tumemaliza," alisema Torgrim, mkuu wa mradi.

"Nimeyasoma. Karibu yako yote yanasema 'usafi'."

"Si nasafisha?" Akacheka peke yake.

Harufu ya sufu mbichi ikapita kati yao. Sunniva aliijua. Marehemu Eilert, mwenzao, alikuwa akianika soksi zake juu ya hita ya ofisini. Theluji ilimfukia mwezi Machi, siku ambayo king'ora hakikulia.

Akafungua nakala ya zamani ya Eilert. Kila badiliko, hata dogo, lilikuwa na maelezo yake. Moja lilisema: "Msiondoe mstari huu. Baridi ikizidi, bila huu king'ora hakilii." Lakini Torgrim alipoiingiza kazi hiyo kwenye programu, aliyabana mabadiliko yote kuwa moja, kama wafanyavyo wenye haraka, akayafuta maelezo, akaandika "usafi". Baadaye, kabla ya Machi, akauona ule mstari, asikumbuke ni wa nini, akauondoa. "Usafi" tena.

"Ulijua ndiyo maana king'ora hakikulia?" Sunniva aliuliza.

"Nilijua baada ya mazishi," Torgrim alinong'ona. "Nakuomba, dada yangu. Andika ni uongo. Aliyekufa kafa."

Hita ikazima.

Kisha nyayo za soksi zilizolowa zikaanza kujichora sakafuni, moja, halafu nyingine, zikitoka mlangoni polepole, zikiizunguka meza ya Sunniva bila kumgusa, zikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Torgrim, na kibodi yake ikaanza kugonga yenyewe huku mikono yake ikiwa hewani, naye akafumbua kinywa apige yowe, lakini badala ya sauti ikamtoka theluji, nyeupe, tele, mpaka taa zikazimika.

Ziliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Sunniva akakimbilia mlangoni. Viatu vya Torgrim vilikuwepo. Na buti pia.

Kwenye kompyuta ya Torgrim badiliko jipya lilikuwa limeingia, kwa jina la Eilert: "Nimerudisha mstari. Nimemwondoa Torgrim. Kwa nini:" Na sababu zilijaza ukurasa, moja baada ya nyingine, kwa utulivu, bila kuruka hata moja.

Sunniva akamjibu yule mlaumu: "Ni kweli." Akataka kuinuka.

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio.

"Kwa nini?" ikanong'ona. "Andika kwa nini."