Swaumu Alipoisikia Meja Ikilia

"Haya, na hii? Meja au maina?" Mwalimu Twalibu alipitisha vidole kwenye gitaa, nyuzi zikalia pamoja.

"Maina," alijibu Swaumu.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Swaumu, hiyo ni meja! Meja inacheka, maina inalia. Mbona rahisi?" alisema Twalibu.

Swaumu akainamisha kichwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kisarawe, ameletwa Kibaha mwaka ule wa 1975 kusomea kufundisha muziki. Akifaulu, angepangiwa shule palepale Kibaha. Akifeli, arudi kijijini kwao Maneromango, akapishane kila siku na Mwinyimadi, mume aliyemwacha.

Jioni Twalibu alimkuta barazani anafuta machozi.

"Nimekuudhi?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa unalia nini?"

Swaumu akasema, "Siku ya harusi yangu watu wa beni, wale wa matarumbeta, walipiga muziki wa namna hiyo unayosema inacheka. Nilicheza mpaka nikavua viatu. Ndoa ikakaa, mtoto hakuja, Mwinyimadi akaniandikia talaka. Nafunga mizigo yangu chumbani, beni walewale wako uani wanamchezesha bibi harusi mpya. Tangu hapo nikiisikia, mimi nasikia mtu analia."

Twalibu akalivuta gitaa lake magotini. Maneno yale ya kucheka na kulia aliyapokea kwa mwalimu wake, naye akawa anayagawa tu kwa kila mwanafunzi.

"Basi tuyaache," alisema. "Kodi hii, yaani nyuzi zinazolia pamoja, ina sauti tatu. Wewe nisikilizie ya katikati tu." Akaipiga peke yake. "Sasa naishusha kidogo. Umesikia?"

"Imeshuka."

"Ikikaa juu, meja. Ikishuka, maina. Moyo usiuulize kitu. Uliza masikio."

"Piga tena."

Akapiga tena. Kesho yake pia, na keshokutwa. Ikafika mahali gitaa linakaa magotini kimya, wao wanazungumza tu, na Swaumu akaacha kumwita mwalimu.

Siku moja tarishi akaja mbio.

"Mwalimu Swaumu, simu yako ofisini!"

"Haloo?"

"Swaumu, mimi Mwinyimadi. Nimeshazungumza na baba yako. Urudi nyumbani."

"Na mkeo?"

"Yule naye hazai."



"Naye hazai?"

"Ndiyo nakwambia."

"Pole, Mwinyimadi. Nenda hospitali wakakupime."

"Unasemaje wewe mwanamke?"

"Nimesema pole."

Akaweka simu. Twalibu alipomwona uso umembadilika, alimuuliza kulikoni. Akaelezwa yote.

"Nikija na mjomba wangu kwa baba yako kukuposa, utanifukuza?"

"Ngoja nifanye mtihani kwanza," Swaumu alijibu, lakini alikuwa anatabasamu.

Kwenye mtihani alifumba macho, akaifuata sauti ya katikati. Hakukosa hata moja.

Wiki iliyofuata walifika Maneromango wamejaa vumbi, Twalibu na mjomba wake Kondo, Swaumu akiwatangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Kibwana aliwakaribisha mkekani, akamtazama Twalibu. "Unajua kwa nini binti yangu aliachwa?"

"Najua, mzee."

"Na kwako mtoto asipopatikana?"

Mjomba Kondo alifungua kinywa amsaidie, Twalibu akamuwahi.

"Tutakaa wawili, mzee. Mimi namtaka yeye."

Mzee akamgeukia binti yake.

"Mwinyimadi naye ameleta wazee wake hapa. Mara ya kwanza nilikuoza bila kukuuliza, mwanangu. Leo nakuuliza."

Swaumu alimtazama baba yake usoni.

"Namtaka Twalibu, baba."

Mzee Kibwana akageukia mlangoni.

"Mama Swaumu!" aliita kwa sauti. "Lete maji wageni wanawe. Na umkamate yule jogoo, leo watu hawa hawaondoki bila kula."