Hukuniogopa Mimi, Umeogopa Jiwe

— Liguse basi, Turlough! Si umesema ni jiwe tu?

Turlough alicheka, ila mikono ikabaki mfukoni. Ilikuwa siku ya mwisho ya matembezi yake na mchumba wake Fidelma, baada ya majuma mawili ya kukanyaga matope ya jimbo la Mayo, na bahari ilishaonekana bondeni. Huko chini, kwenye baa ya kijiji, mama yake Turlough na jamaa zake waliwasubiri kwa bia na supu ya samaki. Jumamosi ilikuwa harusi.

Fidelma alikaa juu ya ukuta wa gofu la kanisa, hana haraka. Mbele yake, kwenye bamba la mwamba, yalilala mawe meusi ya mviringo. Hakuna mtu wa pande zile asiyeyajua. Ukidhulumiwa, unakuja na tumbo tupu, unayageuza kinyume cha jua, unamtaja adui yako. Kama una haki, laana itamfuata hata akijificha Amerika. Kama umemsingizia, inakurudia wewe.

— Mpenzi, mvua inakuja.

— Imekunyeshea majuma mawili na hukuyeyuka. Asubuhi umekataa mayai na soseji kwa sababu ya pombe za jana. Tumbo lako tupu, sharti limetimia. Geuza.

— Nimlaani nani sasa?

— Attracta.

Kicheko kikakatika.

Attracta ni mdogo wake Fidelma. Siku ya Pasaka alituma ujumbe: “Dada, nisamehe. Nimemwona Turlough akitoka kwa yule mjane wa Westport, taulo shingoni.” Turlough alipoonyeshwa, alilia, akaapa kwa kaburi la baba yake. Alisema Attracta anamtaka yeye, amekataliwa, ndiyo maana katunga. Fidelma akaamini. Akamvua mdogo wake gauni la mpambe wa bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe, akamfukuza.

Lakini njia ndefu humvua mtu nguo. Majuma mawili hayo, kila kilima chenye mtandao, Turlough alibanwa na mkojo, akaenda nyuma ya mawe na simu yake.

— Wewe ndiye uliyesema ni mwongo, — Fidelma alisema. — Mtaje. Ukiwa na haki, nitakuomba radhi kwa magoti mpaka baharini.

— Mimi ni mhandisi, Fidelma! Haya ni mambo ya bibi zetu.

— Basi yatakudhuru nini?

Turlough akatoa mkono, akaweka vidole juu ya jiwe. Mdomo ukafunguka: “At…” Jina likagoma. Akauchomoa mkono kama aliyegusa jiko la moto.

— Siwezi kumlaani mtoto wa watu.

— Si mwongo?

— Fidelma…

— Ni mwongo, au si mwongo?

Kondoo mmoja akalia. Turlough akainamisha kichwa.

— Nilikuwa naagana naye tu.

— Kuagana tangu Pasaka! Mlikuwa mnaaga meli?

— Nisamehe, mpenzi. Naapa…

— Usiape tena, baba yako apumzike! Uliniangalia machoni nikimvua mdogo wangu gauni huku analia. Hukuniogopa mimi. Umeogopa jiwe. Tangulia, kamweleze mama yako kwa nini hakuna harusi.

— Na wewe?

— Mimi pia sijala tangu jana.

Turlough alipoelewa, uso ukampauka. Alisihi, akapewa mgongo. Akaanza kushuka akiteleza. Kabla hajafika kwenye kona akasikia nyuma yake jiwe likisaga mwamba, krrr, likinyamaza, likisaga tena.

— Fidelma! Umenitaja mimi?

Jiwe likasaga tena. Akatimua mbio, begi likimdunda mgongoni.

Fidelma akampigia mdogo wake simu.

— Nani? — sauti ilikuwa kavu.

— Mimi, dada yako. Ulisema kweli. Nimekukosea, mdogo wangu.

Ikasikika kwikwi.

— Uko wapi, dada?

— Kwenye mawe. Amekiri.

— Yesu na Maria! Usiniambie umeyageuza!

— Hata sijayagusa. Nimeokota jiwe la ukutani, nikalisugua chini asikie.

Attracta akacheka huku analia.

— Mshenzi wewe! Utamwambia lini?

Kule bondeni Turlough alianguka matopeni, akainuka, akapiga ishara ya msalaba, akakimbia tena.

— Nani, mimi? Mwache azeeke na hofu hiyo.