Kila Kibanda cha Tano

Mellen alipita kati ya vibanda vya soko la Migori akihesabu kwa kidole, nacho kidole kikasimama mbele ya Willis, fundi viatu. Alivaa blauzi nyeupe na viatu vyekundu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeanza kubanduka, na Willis alikiona kabla hajauona uso.

Alijieleza. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu akifanya utafiti kuhusu maisha ya wachuuzi. Mwalimu wake alimkataza kuchagua watu waliompendeza macho. Achukue kila kibanda cha tano, mwenyewe awe mlevi au mchungaji.

"Kwa hiyo hukunichagua," Willis alisema.

"Hesabu ndiyo imekuangukia."

"Basi kaa, madam. Hata hesabu hupewa kiti."

Mellen akacheka, akatoa fomu. Ameoa? Ameoa. Nyumba yake ina watu wangapi? Wawili. Wiki iliyopita alikula chakula cha jioni na mtu mara ngapi? Willis aligongelea msumari mmoja, kisha wa pili.

"Sifuri," alisema.

Fomu iliisha siku hiyo, lakini Mellen aliendelea kuja. Kwanza alileta kisigino, baadaye hakuleta kitu. Walikula mandazi wakitaniana. Mellen alimwita Wa Tano, naye Willis akamwita Mama Maswali. Ijumaa ya pili Mellen akauliza, kama mtu asiyejali, mke wa Willis yuko wapi.

"Nyumbani, Ndhiwa."

Mellen akachukua mkoba wake. Alisema anawajua wanaume wanaomwacha mke kijijini wakaja kuchekesha wasichana mjini. Willis alikuwa na neno la kumwambia, ila neno lenyewe hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Likamkwama hapo hapo, na Mellen akarudi kwao Homa Bay.

Wiki tatu zilipita. Kila jioni Willis alisonga ugali wa watu wawili akala nusu. Alibaki na karatasi moja tu, ile waliyopewa wote walioulizwa: ukiwa na swali, piga namba hii. Alikwenda kwenye kibanda cha simu cha posta akapiga.

"Ni mimi, Wa Tano."

Mellen aliitambua sauti. "Fomu yako inanisumbua, Willis. Nina fomu arobaini. Wote wenye mke nyumbani wanakula na mtu. Wewe peke yako una sifuri. Mwalimu anasema niitoe."

"Usiitoe. Niulize tena."

"Mke wako yuko wapi?"

"Kaburini. Huu ni mwaka wa nne." Alikuwa ameegemea kioo cha kibanda. "Kwetu Wajaluo, mke uliyemzika bomani bado ni mke wako. Nyumba yake bado naifagia. Kwenye fomu yako niliona kisanduku cha waliofiwa. Nilishindwa kukitaja."

Mellen hakusema pole. Alisema tu, "Njoo Homa Bay Jumapili."

Willis alimkuta karibu na gati, amevaa gauni la manjano na vile viatu vyekundu, faili mapajani. Alitoa kalamu, akauliza kama siku ile sokoni.

"Nyumba yako ina watu wangapi?"

Willis alitazama ziwa. Angeweza kunyamaza tena arudi Migori na wawili wake.

"Mmoja," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Mellen hakufuta jibu la kwanza. Alilikata kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, akaandika jipya kando, halafu akamshika mkono, ule mweusi kwa rangi ya viatu, na hakuuachia upesi.

"Mama amepika samaki," alisema. "Nimemwambia nina mgeni."

"Ulijuaje nitakuja?"

"Sikujua. Nilitamani."

Mezani kwa mama yake, kabla hawajanawa, Mellen alimwegemea Willis akamnong'oneza: wiki hii, chakula cha jioni na mtu, aandike mara ngapi?

Willis alifikiria chumba chake cha Migori, alikopaswa kurudi kesho yake, na sufuria iliyokuwa ikimngoja huko.

"Andika moja," alisema. "Lakini acha nafasi."