Mtu wa Karibu Sana Nami

"Ni Dale," Trent alisema. "Hakuna mwingine."

Walikuwa ndani ya pikapu yake, nje ya nyumba ya Lorna, injini inanguruma na kioo cha mbele bado kimeganda barafu. Janelle alikuwa amepakata bakuli lake la tambi za jibini, tupu, limeshaoshwa, maana wanawake wa kikundi cha Biblia cha Jumatano, kilichokutana kwa Lorna, hawakuruhusu mtu arudi kwake na chombo kichafu. Alilishika kwa mikono miwili.

"Labda wamehisi tu," alisema.

"Wamehisi? Wanaume sita wameniweka katikati kule jikoni, wakaniwekea mikono kichwani. Mzee Arlen analia. 'Bwana, mrudishie ndugu yetu Trent kinywa cha kuomba.' Hayo ni ya kuhisi, Janelle?"

Janelle aligeuza bakuli mapajani.

"Nimewaambia watu wawili tu kwamba tangu tumzike mdogo wangu siwezi kuomba. Kwamba nafumba macho pale, nahesabu mpaka waseme amina. Dale, na wewe. Wewe ni mchumba wangu, na uliniapia. Sasa amebaki nani?"

Hapo ndipo angesema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa mbele yake. Badala yake Janelle, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyejua mistari ya Biblia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, alisema:

"Twende, nasikia baridi."

Alikuwa yeye. Tusizunguke.

Kwenye kile kikundi, somo likiisha, wanaume huenda jikoni na wanawake hubaki sebuleni. Kila mmoja huandika haja yake kwenye kadi, Lorna anazisoma kwa sauti, wanaombeana, kisha Lorna huzituma kwa meseji kwenye mnyororo wa maombi wa kanisa, unaopita simu kwa simu. Na kila mmoja wao alisaini karatasi mwezi wa tisa kwamba yanayosemwa kikundini yanabaki kikundini. Namna karatasi ile na mnyororo ule vilivyoweza kuishi nyumba moja, hakuna aliyewahi kuuliza.

Janelle hakuandika jina. Aliandika: "Mwombeeni mtu wa karibu sana nami. Amefiwa na hawezi tena kuomba." Akajiona amelinda siri. Sasa mwanamke ana mchumba mmoja, na mchumba mwenyewe amemzika mdogo wake kiangazi kilichopita, tena kanisa zima lilikuwa pale msibani linakula viazi vya kuoka. Jina lingeongeza nini? Kufika Jumapili watu sabini walikuwa wanamwombea Trent, na Trent peke yake ndiye aliyekuwa hajui.

Na kuna kitu kilichomuuma zaidi ya hapo. Wakati anaandika, hakuwa na hofu tu juu ya Trent. Alitaka kuonekana. Alitaka wale wanawake wamwone amebeba mzigo, na walimwona. Walimshika mikono. Lorna alimwambia, "Una moyo mkubwa, dada yangu." Alisikia raha, akalala vizuri usiku ule.

Kuanzia siku ile ya pikapu hakulala vizuri tena.

Trent alimwondoa Dale, rafiki yake wa utotoni, kwenye usimamizi wa harusi kwa meseji moja: "Usije Mei. Nimekuwa mjinga kukuamini miaka yote hii, nyoka wewe." Dale alijibu: "Si mimi, Trent. Nipigie." Trent hakupiga. Alifuta namba Janelle akiwa amekaa pembeni yake kwenye kochi.

"Hata usomaji wake wa Biblia ni wa kujionyesha," alisema. "Wewe ulikuwa unamwonaje?"

"Sijui," Janelle alisema. "Nikuongezee supu?"

Wiki ya tatu, Dale akaja kliniki. Janelle alikuwa msafishaji wa meno, na miadi ya Dale ilikuwa imeandikwa tangu miezi sita nyuma, kabla ya yote haya. Alimlaza kwenye kiti, akawasha taa, akavaa barakoa na kuishukuru.

"Fungua zaidi," alisema. Kisha, kwa kuwa mwenzake hangeweza kujibu, akapata ujasiri. "Dale, nasikitika kuhusu Trent. Mimi najua huwezi kufanya kitu kama kile."

"Aaa," alisema Dale, kioo na ndoano ya kukwangulia meno vikiwa mdomoni.

Alikuwa anamtazama. Macho makubwa, ya upole, hayapepesi. Janelle aliinamisha uso kwenye gego la chini na kulisugua mpaka Dale akashtuka.

Alipomaliza kusukutua, Dale aliuliza, "Anakula?"

"Nani?"

"Trent. Akikasirika hali."

"Anakula kidogo."

"Usimwache peke yake Jumapili jioni. Ndiyo saa mdogo wake alikuwa anampigia simu."

Janelle alikuwa hajui hilo. Alivua glavu polepole. "Kwa nini usimwendee, ukamweleza tena kwamba si wewe?"

"Nimeshamwambia. Nikirudia nitakuwa nambembeleza." Dale alichukua mswaki wake wa bure, akautia mfukoni. "Mtunze, Janelle."

Alipotoka, Janelle aliingia chumba cha kuchemshia vifaa, akafunga mlango, akalia kwa kwikwi mpaka mwenzake akagonga kumuuliza kama amejichoma.

Jumamosi asubuhi alimkuta Trent chini ya kanisa, kwenye chumba cha mtambo wa kupasha joto. Ndiyo kazi yake, na kanisani aliifanya bure. Alikuwa amelala chali na spana mkononi, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Ni wewe?" aliita. "Habari njema. Binamu yangu Nolan amekubali kusimama. Suti ya Dale tutaipunguza mikono."

"Mrudishe Dale," Janelle alisema.

"Usianze."

"Mrudishe. Ni mimi, Trent."

Spana ilinyamaza.

"Ni wewe nini?"

"Niliyesema. Dale hajasema neno kwa mtu yeyote. Niliandika kwenye kadi ya maombi, kwa Lorna."

Trent alijivuta kutoka chini ya mtambo. Shavu lilikuwa na masizi. Alikaa sakafuni akamtazama mtu huyu aliyepanga kumwoa.

"Uliandika jina langu?"

"Hapana."

"Uliandika nini basi?"

"'Mtu wa karibu sana nami.'"

"Mtu wa karibu sana nami," Trent alirudia. Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. "Ungemalizia tu na namba ya gari."

"Niliogopa kwa ajili yako. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine, nilitaka wanihurumie. Wakanihurumia, nikafurahi. Naona aibu hata kulisema."

"Nilikwambia wewe kwa sababu kwako ndiko mahali pekee nilipokuwa sijifanyi."

"Najua."

"Hilo peke yake, labda ningelimeza. Mtu huteleza. Lakini wiki tatu, Janelle. Wiki tatu unanisikiliza namtukana rafiki yangu wa tangu darasa la pili, na unanipakulia supu."

"Ndiyo."

"Ulinitazama nikifuta namba yake."

"Ndiyo."

"Acha kusema ndiyo."

Janelle alivua pete akamnyooshea. Trent hakuipokea.

"Rudisha hiyo kidoleni," alisema. "Sijafika kwenye mambo ya pete. Bado niko kwenye hasira, na wewe unataka kunikimbiza. Vaa koti. Twende kwa Dale."

"Sasa hivi?"

"Unataka tupange tarehe?"

Dale alifungua mlango akiwa na suruali ya kulalia na mwiko mkononi. Nyumba ilinukia chapati za maziwa na nyama ya kukaanga. Nyuma yake mkewe, Kristi, alikuwa anamimina kahawa.

Trent alisimama kizingitini, theluji imemshika mabegani. "Nilikuita nyoka," alisema. "Nilikosea. Sina la kujitetea."

"Ingia, unatuingizia baridi."

"Dale, alikuwa..."

"Subiri," Janelle alimkata. "Nitasema mwenyewe. Dale, ni mimi niliyeitoa siri. Nikakuacha ubebe wewe."

"Najua," Dale alisema, akageuza chapati.

Trent na Janelle walitazamana, kwa mara ya kwanza tangu watoke kanisani.

"Unajua?"

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako, Janelle," Kristi alisema kutoka mezani. "Mkono nilioushika ulikuwa wako, siyo wa mtu mwingine. Lorna aliposoma ile kadi nilijua ni nani. Sisi sote tulijua. Na hakuna aliyemwambia Lorna asiitume, mimi nikiwemo. Kwa hiyo usijipe cheo cha mkosaji peke yako."

"Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo," Trent alimwambia Dale. "Ukakubali nikutukane."

"Ningekwambia, ungemwacha siku ileile. Mimi umeshaniacha mara nne tangu tukiwa shule, na kila mara unarudi ukiwa na njaa. Yeye ulikuwa hujajifunza kumrudia." Alimsogezea kiti kwa mguu. "Kaa ule."

"Na kule kliniki," Janelle alisema, "uliponitazama vile?"

"Nilikuwa nangoja useme. Nilikuwa nimelala, mdomo wazi, ndoano yako kwenye ufizi. Nilijiambia akishindwa leo, hataweza tena." Akatabasamu kidogo. "Umeshinda. Umechelewa, lakini umeshinda."

Dale angemtukana, Janelle angevumilia. Upole ule ndio uliomvunja. Alikaa mezani kwa watu aliowakosea, wakampakulia. Trent alikula chapati tano bila kumtazama.

Kwenye gari, wakirudi, ndipo aliposema. "Harusi siyo Mei."

"Sawa."

"Oktoba. Nataka nikuzoee upya. Nikishindwa, nitakwambia mapema, usoni kwako."

"Sawa."

"Na usiwe unaniambia sawa kila kitu. Kasirika hata kidogo."

"Sina haki ya kukasirika."

"Hilo ndilo sitaliweza mpaka Oktoba," Trent alisema. Akawasha kipasha joto upande wa miguu yake Janelle, maana alijua miguu ndiyo humganda kwanza.

Theluji ikayeyuka, ikaanguka nyingine, nayo ikayeyuka. Janelle aliwaeleza wanawake wote wa kikundi alichofanya, mbele ya Lorna, na Lorna alikohoa sana siku ile. Mnyororo uliendelea. Vitu kama hivyo havifi kirahisi.

Jumatano moja ya mwezi wa nne, kabla hawajashuka garini, Trent alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Jana nilijaribu," alisema. "Kuomba. Yalikuwa maneno matatu. Hayakuwa na maana yoyote. Lakini sikuhesabu."

Janelle alifungua kinywa kuapa kwamba hatamwambia mtu, kisha akakumbuka kiapo chake kina thamani gani. Alimshika mkono tu, wakaingia ndani.

Somo liliisha. Wanaume wakaenda jikoni, na sauti ya Dale ilisikika ikimtania Trent kuhusu kipara kinachokuja. Lorna alisoma kadi zote, akazipanga kwenye mapaja, akamgeukia Janelle kwa upendo wa kweli, kwa sababu Lorna hakuwa mtu mbaya.

"Na Trent wetu? Watu wanauliza. Ameanza kuomba? Ni habari njema tu, dada, hata wewe ungefurahi tuishangilie pamoja."

Ilikuwa habari njema kweli. Ilimwasha ulimi. Wanawake saba walimwinamia, na aliiona ile huruma tamu ikimngoja, tayari, bila hata kuiomba. Kristi alitazama kikombe chake.

"Mwulizeni mwenyewe," Janelle alisema. "Yuko jikoni."

Lorna alisubiri kidogo, kalamu mkononi. Janelle naye akasubiri.